Visiwa Vidogo na Sisi Tukaao Nchi Kavu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Chama chetu katika mkutano wa Muleba. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tulipopewa kazi hii tuliambiwa tuzungumze juu ya maendeleo ya nchi ndogo za visiwa katika bahari ya Pasifiki, kwa kuwa baadhi yenu mmesikia habari zake, na mwataka kujua jinsi watu wachache wakaao mbali namna ile wanavyopata kusonga mbele. Tutafanya hivyo. Walakini hatutakwenda Pasifiki tukabaki huko. Mtu akisimama penye ukingo wa milima yetu siku ya anga safi, akatazama upande wa maawio ya jua, huona visiwa mbele ya macho yake. Kata tano za wilaya yetu, yaani Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga, ziko majini. Twaviona visiwa hivyo kila siku, lakini tuliolala huko hata usiku mmoja ni wachache.

Tena iko sababu ya pili. Mwakumbuka kwamba katika mkutano uliopita lililetwa shauri kwamba Chama chetu kiandike barua kwa wakubwa wa kazi, kuomba kwamba mwanachama ye yote mwenye mke na watoto asipelekwe kufanya kazi visiwani. Shauri lile liliahirishwa mpaka leo. Wako waliolipenda sana, nasi hatuwalaumu, maana wameeleza mambo ya kweli. Basi hotuba hii, ingawa itazunguka mbali, mwisho wake itafika penye barua ile. Twaomba mtuvumilie.

Tuanze kwa kuuliza, kisiwa kidogo kina shida gani ambayo kijiji cha nchi kavu hakina? Shida ya kwanza ni maji yanayokizunguka. Mfuko wa saruji, daftari la shule, chupa ya dawa, vyote hulipiwa mara mbili, mara moja dukani na mara ya pili katika chombo. Ya pili ni uchache wa watu. Serikali ikijenga shule penye watu elfu kumi, fedha yaonekana imetumika vema. Ikijenga penye watu mia sita, mwenye kushika hesabu hukunja uso. Ya tatu ni kutegemea kitu kimoja. Mtu wa nchi kavu, kahawa ikishuka bei, bado ana mgomba, ana maharage, ana mbuzi wawili. Mtu wa kisiwani akikosa samaki, amekosa yote. Shida hizi tatu ni zile zile, kiwe kisiwa cha Pasifiki au cha Ziwa Victoria.

Sasa twende Pasifiki. Iko nchi iitwayo Nauru. Ni kisiwa kimoja tu, chenye eneo la kilometa 21 za mraba, ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu katika siku moja. Ndani ya ardhi yake palikuwa na fosfeti, ambayo ni mbolea ya thamani, na wageni walianza kuichimba mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa Nauru walipopata uhuru, tarehe 31 Januari 1968, waliishika kazi ile mikononi mwao, na katika miaka ya 1970 wakahesabiwa miongoni mwa watu matajiri kabisa duniani kwa kila kichwa. Hawakulipa kodi. Walinunua ndege, wakajenga hoteli katika nchi za watu, na jengo refu katika mji wa Melbourne. Fedha nyingi iliwekwa katika biashara zisizofaa, kwa mashauri ya watu waliojua kuongea kuliko kuhesabu. Fosfeti ilipokwisha, ilionekana kwamba akiba nayo imekwisha. Jengo lile la Melbourne liliuzwa mwaka 2004 kwa sababu ya madeni, na sehemu kubwa ya ardhi yao ilibaki mashimo na mawe makali yasiyoota kitu. Mwaka 2015 wakaanza upya kuweka akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hawakosi akili, wamekubali kujifunza, ingawa ada ya somo ilikuwa ghali.

Jirani zao ni nchi ya Kiribati. Nchi hii ina visiwa 33, na ardhi yake yote ukiikusanya pamoja ni kama kilometa 811 za mraba. Lakini bahari iliyo yao ni kama kilometa milioni 3 na nusu za mraba, yaani zaidi ya mara tatu ya Tanzania nzima. Wao pia walikuwa na fosfeti katika kisiwa cha Banaba, na faida yake kubwa ilikwenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Wenyeji wa Banaba walihamishwa mwaka 1945 wakapelekwa kisiwa cha Rabi, katika Fiji. Huo ni udhalimu, wala hatuusifu. Hata hivyo jambo moja la busara lilifanyika. Mwaka 1956, wakati fosfeti bado ipo, uliwekwa mfuko wa akiba, na sehemu ya mapato ikatiwa humo. Fosfeti ilikwisha mwaka 1979, mwaka ule ule nchi ile ilipopata uhuru wake. Mfuko haukwisha. Faida yake imeisaidia Serikali yao katika miaka mibaya mpaka sasa. Tuvalu, yenye visiwa 9 na watu kama elfu 11 tu, nayo ilifanya mfano wa hayo mwaka 1987. Wahenga walisema akiba haiozi.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la samaki. Bahari ya nchi hizi ina jodari wengi mno, na meli kubwa za mataifa ya mbali zilikuwa zikija kuwavua. Zamani kila kisiwa kilipatana na wageni peke yake. Mgeni aliambiwa bei hapa, akaona ni kubwa, akaenda kwa jirani, na jirani kwa njaa yake akapunguza. Ndipo mwaka 1982 wakaanza kufungamana kwa mkataba wa Nauru, na leo nchi zilizomo ni 8: Kiribati, Micronesia, Nauru, Palau, Papua New Guinea, visiwa vya Marshall, visiwa vya Solomon na Tuvalu. Tangu mwaka 2007 waliweka utaratibu mwepesi kueleweka. Huhesabu siku za kuvua, huweka kipimo cha siku za mwaka mzima ili samaki wasimalizwe, hugawana siku hizo, na kila meli hununua siku kabla ya kushusha wavu. Mwaka 2010 mapato yao yote kwa njia hiyo yalikuwa kama dola milioni 60. Kabla ya mwaka 2020 yalikaribia dola milioni 500. Samaki ni wale wale na bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wenye maji walikaa kikao kimoja, wakaandika hesabu moja, wakasema neno moja.

Hatusemi kwamba watu hao wamefika peponi. Vijana wao wengi huhamia nchi kubwa kutafuta kazi. Wahitaji bado msaada wa wageni. Bahari inapanda, na mwaka 2023 Tuvalu ilitia sahihi mkataba na Australia ambao, pamoja na mambo mengine, wawapa watu wake njia ya kwenda kukaa huko. Ni jambo zito taifa kufikiri kwamba ardhi yake yaweza kuzama. Lakini twaona ya kuwa kisiwa kidogo si lazima kiwe maskini. Utajiri wa kisiwa u majini, na kisiwa huendelea pale wenyeji wanapojua hesabu ya maji yao, wanapouza kwa umoja, na wanapoweka akiba. Tena kwa kila moja ya mambo hayo pahitajiwa mtu wa kuandika. Neno hilo la mwisho tutalirudia.

Basi turudi nyumbani. Visiwa vyetu viliingia katika magazeti ya dunia mapema kuliko Bukoba mjini. Bwana Stanley, msafiri, alifika Bumbire tarehe 28 Aprili 1875 akitafuta chakula. Wenyeji, waliokuwa chini ya Mukama wa Ihangiro, walimshuku, wakakokota mashua yake nchi kavu na kuchukua makasia. Alitoroka kwa kupiga bunduki, kisha mwezi wa Agosti akarudi na silaha nyingi akaua watu wengi waliokuwa wamesimama ufukoni na mikuki yao. Habari hizo alizipeleka mwenyewe katika magazeti ya London na New York, na katika Uingereza watu wengi walimlaumu. Bukoba yenyewe ilianzishwa kuwa boma mwaka 1890 tu, miaka 15 baadaye. Twasema haya ili tujue kwamba wale wa visiwani wana historia yao, na kwamba tangu zamani mgeni aliyefika kwao alikuja kutaka kitu, kisha akaondoka.

Je, leo hali imebadilika? Tutazame samaki. Sangara aliletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea sana katika miaka ya 1980, na furu wengi wa asili wakatoweka. Katika miaka ya 1990 vikajengwa viwanda vya kukata minofu na kuipeleka Ulaya. Visiwa vikajaa watu kutoka pande zote. Sasa tazameni namna biashara ilivyo. Mwenye mtumbwi mara nyingi hana fedha ya kununua nyavu, mashine wala mafuta. Mnunuzi humkopesha. Akisha kukopa, humlazimu kumwuzia mnunuzi huyo huyo, kwa bei aipangayo huyo huyo. Hata asiye na deni hana nguvu, maana barafu iko katika chombo cha mnunuzi, na samaki hangoji. Bondo la sangara, ambalo zamani lilitupwa, sasa lasafirishwa mpaka Uchina, na kwa uzito lapata bei kubwa kuliko nyama yake. Ni wavuvi wangapi wa Goziba wajuao bei hiyo huko liendako? Hapo ndipo tulipo kama Kiribati kabla ya mkataba. Kila mwalo wapatana peke yake.

Na kutegemea kitu kimoja kulituumiza pia. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, kwa kuwa ilisemekana wako watu waliotumia sumu kuvulia. Kosa la wachache lililipwa na wote. Mlango ukafunguliwa tena baada ya usafi na ukaguzi kutengenezwa. Na ukaguzi huo, ndugu zangu, ulikuwa kazi ya nani kama si ya watumishi wenye kalamu na daftari?

Tutazame dagaa, ambao kwa maoni yetu ndio tumaini la mtu mdogo, maana hawataki kiwanda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika penye mwanga, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa nuru ya mbinguni huishinda nuru ya taa. Asubuhi huanikwa juani, na wengi wa wenye kuanika ni wanawake. Wakiwamwaga juu ya mchanga, dagaa hukauka na mchanga wake. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huharibika, na kilichokuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Lakini wakianikwa juu ya chanja, upepo hupita juu na chini, hukauka upesi, ni safi, na bei hupanda. Chanja si mtambo wa Ulaya. Ni miti, misumari na wavu mkuukuu. Kinachokosekana ni fedha kidogo ya kuanzia, na mtu wa kuwaeleza akina mama jinsi ya kuunda kikundi na kuandika ombi. Sheria yetu yasema kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kisichoandikishwa hakipati. Nacho hakiandikishwi pasipo karani.

Hatutaki mdhani kwamba visiwani hapana ila njaa na ujinga. Mnakijua kisiwa cha Ukara, karibu na Ukerewe. Watu wake ni wengi na ardhi ni ndogo, lakini tangu zamani walifuga ng'ombe zizini, wakawakatia majani, na samadi yote wakaipeleka shambani, hata ardhi ile ikaweza kulimwa pasipo kupumzishwa. Ni elimu ile ile waliyokuwa nayo wazee wetu katika vibanja vyao. Na kutoka Ukerewe alitoka Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma katika Seminari ya Rubya, humu humu wilayani mwetu. Alirudi kisiwani kwao, akaona mila za watu wake zasahauliwa, akaandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Alingoja miaka 35. Huyo alikuwa mtu wa shule ya misheni kama sisi, na hakuona kwamba kukaa kisiwani ni kuizika elimu yake.

Aidha tusisahau tunavyodaiwa na watu wa ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikija Bukoba ilianguka majini karibu na uwanja. Ndani yake walikuwamo watu 43. 19 walikufa na 24 wakapona. Waliofika kwanza si watu wa magari mekundu, bali ni wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana, alipiga mlango wa ndege kwa kasia mpaka ukafunguka. Hakuuliza kwanza kama waliomo ndani waliwahi kufika kisiwani kwao.

Sasa tumefika penye barua yetu.

Waliolileta shauri lile walisema mambo manne. Walisema kwamba njia ya majini ni ya hatari. Ni kweli. Hakuna nyumba katika nchi hii ya Kagera isiyokumbuka tarehe 21 Mei 1996, M.V. Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha M.V. Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Walisema kwamba hakuna nyumba za watumishi. Ni kweli. Walisema kwamba maji ya ziwa yana kichocho, na watoto wataugua. Ni kweli pia. Walisema mwisho kwamba mtu akipelekwa kisiwani husahauliwa huko, na wenzake wa mjini hupanda cheo yeye akibaki pale pale. Hilo nalo twalijua.

Lakini tuulize swali moja. Mambo hayo manne, je, yamwumiza mtumishi peke yake? Mama wa Ikuza apitaye maji hayo hayo akiwa na utungu wa kuzaa, yeye ataandika barua kwa nani? Mtoto wa Mazinga aliyeoga katika maji yale yale, atahamishiwa wapi? Tukiandika kwamba mwenye mke na watoto asipelekwe, maana yake visiwa vitapata vijana wasio na uzoefu, ambao nao wakioa watarudi. Ni sawasawa na kusema kwamba hatari ile yafaa kwa watoto wao, wala haifai kwa wetu.

Mtatusamehe tukitoa ushuhuda juu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulifika katika kisiwa kimoja kwa kazi ya kuandika watu. Tulimkuta mama mwenye mtoto aliyekwisha kufikia umri wa kwenda shule, naye hana cheti cha kuzaliwa. Tukamwuliza kwa ukali kidogo, kama ilivyo desturi yetu makarani, kwa nini hakuja afisini. Akajibu kwa upole kwamba alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alilipa nauli, akalala kwa watu, asubuhi akaambiwa mwenye daftari hayupo. Mara ya pili aliambiwa karatasi zimekwisha. Mara ya tatu nauli hakuwa nayo. Afisi ile hatuitaji jina, lakini sisi tulikuwa tukikaa ndani yake. Kwetu ilikuwa asubuhi moja kama nyingine. Kwake ilikuwa dagaa wa wiki nzima. Tangu siku hiyo, tukisikia mtu akisema kwamba watu wa visiwani hawapendi maendeleo, hatuwezi kumwunga mkono.

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, naye Bwana Martin Kayamba alikuwa mwanzilishi wake. Hapa Bukoba, mwaka 1924, makarani na wafanya biashara, Bwana Klemens Kiiza akiwa mmoja wao, walianzisha Bukoba Bahaya Union. Watu wale hawakukusanyika kwa ajili ya mishahara yao peke yake. Walisoma magazeti pamoja, walisema habari za shule, na baadaye Kiiza alishughulika na bei ya kahawa ya mkulima, mpaka hoja ile ikazaa ushirika. Waliona kwamba kujua kuandika ni deni. Chama chetu nacho kikiwa mlango wa kukimbilia kazi ngumu, hatutaweza kulitaja jina la wazee wale bila haya.

Basi twaleta shauri badala ya lile la kwanza. Barua iandikwe, lakini iombe mambo yafuatayo.

Kwanza, kupelekwa kisiwani kusiwe adhabu. Asipelekwe mtu kwa kuwa amekosana na mkubwa wake. Muda uwekwe wazi, kwa mfano miaka mitatu, na miaka hiyo ihesabiwe kuwa sifa wakati wa kupandishwa cheo.

Pili, nyumba itangulie mtumishi. Kabla mwalimu au mganga hajavuka, pawe na chumba chenye paa zima, choo, na pipa la kukingia maji ya mvua, ili familia isitegemee maji yenye kichocho. Na choo kisiwe cha mtumishi tu, bali pawe na vyoo vya watu wote penye mwalo, maana kichocho huanzia hapo.

Tatu, asiingie mtumishi wala mwananchi katika chombo kisicho na koti la kujiokolea kwa kila abiria. Nasi tuwe wa kwanza kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kipimo, hata kama twachelewa mkutano.

Nne, siku za afisi kuvuka ziwekwe. Mara moja kwa mwezi, siku ijulikanayo, daftari la vizazi, fomu za vikundi na muhuri viende visiwani, badala ya mama kulipa nauli mara tatu. Iko meli ya matibabu, Jubilee Hope, ambayo imezunguka katika visiwa vya ziwa hili kupeleka tabibu kwa mgonjwa. Ikiwa tabibu aweza kuvuka na vyombo vyake vizito, karani hawezi kuvuka na daftari?

Tano, penye kila mwalo pawe na ubao. Juu yake iandikwe kila mwezi ni ushuru kiasi gani umekusanywa, na ni kiasi gani kimerudi kujenga darasa au kununua dawa. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za ziwa vimekuwako katika mialo tangu miaka ya mwisho ya 1990. Tuwasaidie kushika hesabu zao, na kuuliziana bei mwalo kwa mwalo, wasiuze kila mmoja gizani. Nchi tatu zenye ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa uvuvi mwaka 1994, na afisi yake iko Jinja. Ikiwa mataifa matatu yaweza kukaa pamoja juu ya ziwa moja, Goziba na Kerebe hawashindwi.

Sita, na hili ni letu wenyewe. Wanachama watoe majina yao kwa hiari, waende kwa zamu. Bwana Katibu ana karatasi mezani. Jina la kwanza juu ya karatasi hiyo ni la yule aliyekosa mbele ya mama tuliyemtaja, naye ana mke na watoto watatu. Mkewe alipoambiwa hakufurahi, wala hatutasema uongo mbele yenu. Aliuliza juu ya paa na juu ya maji. Kwa hiyo mwaona kwamba sharti la pili katika barua hii si la kubuni.

Mwezi wa Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hata kuifikia alama ya mwaka 1964, na nyumba nyingi za pwani zikaingiwa. Wale waliokaa mialoni walihamisha vitu vyao usiku, wakajenga upya mbele kidogo, wakatengeneza nyavu, wakarudi majini. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuonewa huruma. Wanahitaji daftari, chanja, dawa, mwalimu asiyetazama mashua ya kurudi, na mtu wa kuwaandikia hesabu ya mali iliyo yao.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Kama tumesema neno la kumchoma mwenzetu, twaomba radhi. Nia yetu ni shauri liamuliwe vema. Twaomba barua zote mbili zisomwe, ile ya kwanza na hii, kisha wanachama wapige kura.